Msituulize Kipaji, Tupeni Karatasi

Wanafunzi wenzangu, na ninyi walimu wetu wapendwa, katika mkutano wa viongozi wa vyama uliofanyika muhula uliopita lilitolewa pendekezo ambalo hadi leo linanikereketa rohoni. Ilisemwa kwamba saa ya uchoraji, ile ya Ijumaa baada ya masomo, iachiwe wale "wenye kipaji" peke yao, nao hawazidi sita shule nzima. Sisi wengine wote tuhamie vyama "vitakavyotufaa zaidi". Sababu iliyotajwa ni karatasi. Ati tunamaliza karatasi bure! Mimi ni mmoja wa hao wengine, ndiposa nimeonelea niseme yangu kabla ya jambo hilo kuamuliwa muhula ujao.

Ninavyoamini mimi ni kwamba hakuna aliyetoka tumboni mwa mamaye akijua kuchora mtu. Wale sita wanaosifiwa walianza mapema kuliko sisi, basi. Walichora kwenye vumbi, wakachora nyuma ya madaftari, wakachapwa kwa kuchora nyuma ya madaftari, wakaendelea. Mkiwafungia mlango wanaoanza leo, mwaka kesho kutwa hata hao sita hamtawapata.

Tatizo letu si ukosefu wa kipaji bali ni jinsi tunavyojifunza. Wengi hudhani kuchora mtu ni kuketi na penseli iliyochongwa vizuri, picha ya kalenda upande huu, rula upande ule, na raba katikati. Unaanza na jicho. Jicho moja linakula dakika 40, lina kope zote, linang'aa kama la ndama. Halafu jicho la pili linakataa katakata kufanana na la kwanza. Unafuta, unachora, unafuta tena, karatasi inatoboka, kengele ya chakula inalia. Mwisho wa muhula una nyuso tatu zisizo na shingo. Nendeni maktabani mfungue matoleo ya zamani ya jarida hili hili mjionee michoro iliyomo. Watu wote wamesimama wima kama mlingoti wa bendera, na mikono wameificha mifukoni au nyuma ya mgongo. Nani hajui sababu? Vidole vilimshinda mchoraji!

Uchoraji ninaoutetea ni wa namna nyingine. Kwa kuwa tumo katika jarida la Chama cha Kiswahili nami sijakutana na neno lililozoeleka, nitauita mchoro wa mkupuo; mhariri akiwa na neno bora na alilete. Mtu halisi, aliye hai na anayepumua, anakaa mkao fulani mbele yenu kwa sekunde 30, au dakika 1, ikizidi sana dakika 2. Katika muda huo mnamchora mzima, kuanzia utosi hadi unyayo. Hamchori vifungo wala kope. Mnachora kile anachokifanya: uzito wake umetua wapi, mgongo umepinda kwenda upande gani, nguvu inatoka wapi na inaelekea wapi. Mstari wa kwanza huanzia kichwani, ukateremka na uti wa mgongo, ukapita nyongani hadi kwenye mguu ule uliobeba mwili. Ukikosea mstari huo, hata umvishe mtu wako suti ya harusi, atabaki maiti aliyevishwa suti.

Mkono nao una adabu zake. Ukishika penseli jinsi unavyoishika ukiandika insha, ni vidole tu vinavyocheza, na mstari unatoka mfupi mfupi, wenye nywele nywele kama kiwavi. Inapasa mstari utoke begani. Ndiyo maana sisi huchora tumesimama, karatasi tumeibana juu ya kipande cha mbao, na raba zote zimekusanywa ndani ya kofia mlangoni. (Kuna mmoja aliyewahi kuficha yake ndani ya soksi. Simtaji, anajijua.)

Haya si mambo tuliyoyabuni sisi. Mwalimu aliyeyaeneza sana katika karne iliyopita ni Kimon Nicolaïdes, aliyefundisha katika chuo cha Art Students League jijini New York. Alifariki mwaka 1938, na kitabu chake, The Natural Way to Draw, kikachapishwa mwaka 1941. Yeye hakumtaka mwanafunzi achore umbo la kitu kabla ya kuhisi kile ambacho kitu hicho kinatenda. Kabla yake, Auguste Rodin, mchongaji mashuhuri wa Ufaransa, aliwaacha watu anaowachora wazungukezunguke huru katika karakana yake, naye akichora bila kuwaondolea macho, hata karatasi haitazami. Mwaka 1906 kikundi cha wacheza ngoma wa mfalme wa Kambodia kilifika Paris. Mzee huyo, aliyekuwa na umri wa miaka 65, alivutiwa nao hata akawafuata hadi Marseille, akatoka na michoro kama 150. Je, mtu mwenye jina kama hilo, ambaye tayari alikuwa amechonga sanamu zinazojulikana kote duniani, alikuwa akitafuta nini katika michoro ya dakika moja moja? Alikuwa akifanya mazoezi, kama wanariadha wetu wanavyopasha misuli moto kila asubuhi ingawa wana medali nyumbani.

Na msidhani ni mambo ya Wazungu. Huko Japani, Hokusai alianza mwaka 1814 kuchapisha vitabu vilivyojaa watu wakioga, wakipigana mieleka, wakibeba mizigo, wakicheza. Hapa petu, Elimo Njau, Mtanzania aliyesomea Makerere na kuchora picha za ukutani za kanisa la Murang'a mwaka 1959, alikuwa miongoni mwa waliokianzisha kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, na alijulikana kwa kuwasihi wasanii waache kuiga. Na yule Edward Gitau, aliyemchora Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miongo mingi, mnadhani alikuwa na wiki nzima ya kufuta jicho? Gazeti la kesho halimngoji mtu. Mistari michache tu, na Kalulu keshaingia mashakani.

Sasa niwaambie kwa nini nasisitiza mtu aliye hai. Picha ya kalenda tayari imebanwa ikawa bapa kama chapati. Kuna aliyekwisha kuamua utazame wapi. Mtu aliye hai ana mbele na nyuma, anachoka, anahamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, na wewe ndiwe wa kuamua. Tena shuleni mwetu watu wa kuchora hawakosekani. Ondokeni siku moja mwende nyuma ya bwalo saa 11 jioni. Mtamwona anayefyeka nyasi, jinsi mwili wote unavyojisokota kabla fyekeo halijarudi. Mtamwona mwanafunzi aliyebeba mtungi wa maji wa lita 20 kwa mkono wa kulia: kiwiliwili kimelalia kushoto, na mkono wa kushoto umetoka nje kama bawa la kuku. Hakufundishwa na mtu. Asipofanya hivyo ataanguka. Mchoro wa mtu anayebeba mtungi huku amenyooka kama rula unasema mtungi ni mtupu.

Somo kubwa zaidi kuhusu mkupuo sikulipata kwa mchoraji bali jikoni. Tulimwomba ruhusa mama mmoja mpishi tumchore akisonga ugali, na hapa naomba nisisitize kuomba ruhusa, kwani mtu si kinu kwamba utamchora tu. Mwenzake alikataa, tukamheshimu. Huyu alikubali kwa sharti kwamba aonyeshwe. Sufuria ile mnaijua, mtoto wa miaka mitano anaweza kuoga ndani. Tukachora mikupuo ya dakika moja moja. Alipomaliza akapangusa mikono, akapita akitazama moja baada ya nyingine, akasimama kwangu.

"Mwanangu, huyu ni mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona anakoroga chai?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akauchukua mwiko, akaniambia, "Ugali wa watu 600 hausongwi kwa mkono. Unasongwa kwa mguu wa nyuma. Tazama." Akaukandamiza mguu wa kulia sakafuni, nikaona nguvu inapanda kutoka kisiginoni, inapita kiunoni, inavuka mgongo kwenda bega la kushoto, hadi kwenye mwiko. Nikachora tena, nikianzia kisiginoni. Dakika moja. Akautazama. "Huyu sasa anasonga," akasema, akarudi kwenye moto.

Huyo mama hajawahi kushika penseli ya kuchorea. Lakini alinipa kitu ambacho penseli elfu haziwezi kunipa: alitazama alichoona, akasema kasoro iko wapi, akaniacha nijaribu tena pale pale. Hilo ndilo jambo la pili ninalolitetea, na kwa maoni yangu lina uzito hata kuliko mazoezi yenyewe. Mazoezi bila wa kukutazama ni kurudia kosa lile lile hadi mkono ulizoee.

Katika kikundi chetu, baada ya mikupuo kama 20, tunaitandaza michoro yote sakafuni bila majina. Tunasimama mbali, hatua tano au sita. Kwanza anachaguliwa mmoja aukalie mkao wa mchoro fulani kama ulivyochorwa, si kama mtu alivyokuwa amesimama. Jaribuni siku moja mwone vituko! Kuna mchoro ulioonyesha mtu akirusha mkuki, na aliyejaribu kuuiga akaenda chini pu. Hapo mchoraji hahitaji kuambiwa mengi. Mlezi wetu, ambaye ni mwalimu wa Fizikia na ambaye kwa maneno yake mwenyewe hawezi kuchora hata yai, alituonyesha hila ya uzi: ninginiza uzi kutoka kwenye kishimo cha koo la mtu aliyetulia kwa mguu mmoja, utaona unashuka kwenye mguu huo huo. Akisimama kwa miguu yote miwili sawasawa, uzi unaangukia katikati. Na yule aliyeegemea mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda na bega la upande huo hushuka, mfano wa mama aliyempakata mtoto kiunoni. Tangu siku hiyo, maneno "mtu wako anaanguka" si matusi tena kwetu. Tunachukua uzi, tunapima.

Kisha tunazungumza. Neno "poa" tumelipiga marufuku. Neno "mbaya" nalo pia. Hayo yote mawili hayamsaidii mtu. La kwanza linamlaza usingizi na la pili linamfukuza. Msemaji anapaswa kutaja jambo moja tu ambalo mkono unaweza kulirekebisha katika mchoro ufuatao: "kichwa kimetangulia mno", "hakuna nyonga, miguu imeota kifuani", "mistari yako yote ina urefu mmoja, sijui nguvu iko wapi". Moja, si saba. Ukimpa mtu makosa saba atakumbuka kwamba amedharauliwa, basi. Kisha mtu wa kuchorwa anarudia mkao ule ule, na aliyeambiwa anachora tena papo hapo. Maoni yasiyofuatwa na mchoro mwingine ni porojo.

Nakiri kwamba si kila siku huenda hivyo. Kuna vidato vya juu wanaodhani kuwakosoa wadogo ni kuwacheka, nao wadogo wawili walituacha Februari na hawajarudi. Nasikitika, kwa sababu mmoja wao alikuwa na jicho kali la kuona migongo. Na kuna wengine, hasa walimu wetu wenye huruma, ambao husifu kila kitu. Wapendwa walimu, sifa zenu tunazipenda, lakini tukiwauliza mguu uko wapi, tuambieni mguu haupo.

Najua mtasema michoro yenyewe haipendezi. Kweli, mikupuo mingi ni kama pale kuku walipopekua. Haikusudiwi kupachikwa ukutani, kama vile hesabu za pembeni mwa karatasi hazikusudiwi kusomwa na mtahini. Ila nisieleweke vibaya. Wapo wanaoparura karatasi kwa fujo, mistari mia, kisha wakadai "huu ni mkupuo". La hasha! Mkupuo mzuri una mistari michache, na kila mmoja unajua unakokwenda. Tena mkupuo peke yake haukufundishi kila kitu. Haukufundishi mifupa ya goti, wala kivuli, wala kwamba mtu mzima wa kawaida ana urefu wa vichwa saba na nusu hivi, ilhali mtoto mdogo kichwa chake ni kikubwa zaidi kwa kulinganisha na mwili. Hayo yana wakati wake na vitabu vyake. Lakini anayeanza na vipimo kabla ya mwendo huishia kuchora masanduku yaliyopangwa juu ya masanduku.

Turudi kwenye karatasi, maana ndiyo iliyoleta kesi. Tupige hesabu. Karatasi ya A4 inaenea mikupuo 6 upande mmoja. Mtu akichora mikupuo 24 kwa Ijumaa, ni karatasi 4. Tukiwa 30, ni karatasi 120. Sasa mtihani mmoja wa majaribio, wa darasa la watu 50, karatasi 4 kila mmoja zilizochapishwa upande mmoja, unatoa karatasi 200 ambazo nyuma ni nyeupe pepepe, na mtihani ukisharekebishwa huishia kwenye jalala nyuma ya maabara. Nani basi anayemaliza karatasi bure? Na penseli za bei hatuzihitaji. Tunajitengenezea makaa: vijiti vikavu vilivyobanduliwa gome, unene wa kalamu, tunavipanga ndani ya mkebe wenye kifuniko, tunatoboa tundu dogo moshi upate kutoka, tunauweka kwenye moto wa jikoni. Kwa kuwa hewa haiingii, vijiti haviungui vikawa majivu. Vinageuka makaa meusi laini yanayochora vizuri kuliko 6B. Moshi ukiisha kutoka tunduni, vimeiva. Usiufungue mkebe kabla haujapoa. Hewa ikiingia ungali na moto, vijiti vitawaka na kazi yako itakuwa majivu.

Kuna jambo jingine la haraka. Mwezi wa Januari 2026 Gredi ya 10 ya kwanza kabisa ya mtaala wa umilisi iliingia shule za upili nchini, na mmoja kati ya mikondo mitatu waliyopewa wachague ni wa Sanaa na Michezo. Sisi wa kidato cha tatu na cha nne ndio mkia wa 8-4-4. Tukiondoka tutaacha nini? Itakuwa ajabu serikali iseme sanaa ni mkondo mzima wa masomo, nasi humu ndani tuseme ni ya watu sita.

Mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu ameniruhusu niseme habari zake bila jina. Alijiunga Januari kwa sababu chama cha mdahalo kilikuwa kimejaa. Mikupuo yake ya kwanza ilikuwa ya vijiti vitano na duara. Kila karatasi ameiandika tarehe na kuihifadhi ndani ya mfuko wa unga. Juzi tulizihesabu, ni karatasi 93, mikupuo zaidi ya 500. Ya Januari ni vijiti. Ya Machi ina migongo, lakini miguu inaelea hewani. Mwezi wa Mei miguu imetua. Kuna mmoja wa Juni, wa mlinda lango wetu wa timu ya mpira akiruka, mistari tisa tu, nilihesabu, na ukiutazama unajua mpira utampita. Huyu hakuwemo katika wale sita, na pendekezo likipita, mwezi wa Septemba atakuwa nje.

Ninaloomba kwa walimu na kwa kamati ya vyama ni dogo. Saa ya Ijumaa ibaki wazi kwa yeyote anayekuja. Karatasi za mitihani iliyokwisha zisitupwe, zipitie kwetu kwanza. Turuhusiwe kukaa pembeni mwa uwanja wakati wa michezo, tutakaa kimya. Na mhariri wa jarida hili, nakuomba michoro ya toleo lijalo isinakiliwe kutoka kalenda yoyote. Mtupe majina ya hadithi mapema, tutatoka nje tuwachore watu.

Ijumaa hii tunakutana saa 10 na nusu nyuma ya jikoni, si katika darasa. Njoo na karatasi zako nne na kipande cha mbao au jalada gumu la daftari, makaa yapo. Mama amesema atakuwa akipepeta maharagwe ya wiki nzima, na anayetaka kumchora aje na hamu ya kusikia ukweli.